Pakiti ya Krispi Ilifikaje Mlangoni Pako?

Leo tuzungumze juu ya ile pakiti ya krispi ambayo mtoto huililia kila mnapopita kioski. Ilianzia wapi?

Mwaka wa 1932, huko Nashville, Marekani, kijana Herman Lay alianza kuuza krispi za viazi kwa gari lake, duka baada ya duka. Mwaka huo huo, Charles Elmer Doolin wa Texas alinunua mapishi ya vitafunio vya mahindi kwa dola 100. Biashara zao ziliungana mwaka wa 1961, zikaitwa Frito-Lay. Mwaka wa 1965 Frito-Lay na kampuni ya soda ya Pepsi-Cola zikaungana kuwa PepsiCo.

Ilipovuka mipaka, mara nyingi ilinunua kampuni ambazo wenyeji walikuwa wamezizoea: Sabritas ya Meksiko mwaka wa 1966, Walkers ya Uingereza mwaka wa 1989, Simba ya Afrika Kusini mwaka wa 1999. Leo bidhaa zake zinauzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 200.

Mbona krispi zikasafiri hivyo? Hazihitaji friji wala jiko. Pakiti huzihifadhi kwa muda mrefu. Pakiti ndogo ina bei ndogo, na chumvi na mafuta hufanya ulimi utake tena. Siku hizi watengenezaji ni wengi, hata hapa Nairobi, na wote wanafuata njia hiyo hiyo.

Mama, sikiliza basi. Niliwahi kumpima mtoto wa miezi 14 ambaye uzito wake haukuwa umeongezeka kwa miezi mitatu. Mama yake akaniambia, "Sista, anakataa chakula." Tulipozungumza, nikajua kwamba kila asubuhi mtoto hupewa krispi ili anyamaze, mama apate kufua nguo za watu. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa akitafuta riziki. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Krispi zikitangulia, uji hukosa nafasi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe vyakula vyenye chumvi au sukari nyingi. Aendelee kunyonya, na apate chakula laini cha nyumbani.

Tupige hesabu. Pakiti ya shilingi 20 kila siku ni shilingi 600 kwa siku 30. Pesa hizo zinunue ndizi, mayai, omena au parachichi, pale Toi au soko la Kawangware. Njugu karanga pia ni nzuri, lakini zisage kwanza uzitie kwenye uji, maana njugu nzima humkaba mtoto.

Ukienda kazini, mwachie anayemlea mtoto chakula tayari, na umweleze kwamba krispi si chakula cha mtoto. Na uzito usipopanda, chukua kijitabu chake uje kliniki mapema. Hatutakugombeza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.