Kutoka Kaseti Hadi Sasisho: Wachezaji wa Gemu Walivyojifunza Kuamini na Kushuku

Mwaka 1982 Atari ilimpa mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, takriban wiki tano tu atengeneze gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Ikatoka na kasoro ambayo wachezaji hawajaisahau: mhusika alikuwa akitumbukia mashimoni kila mara, na kumtoa humo ilikuwa adhabu. Hakukuwa na la kufanya. Kilichokwisha kuingia kwenye kaseti kilikuwa kimeingia. Mwaka uliofuata kampuni ilifukia shehena ya kaseti zake, za E.T. zikiwamo, katika dampo la Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka 2014.

Imani ya zama hizo ilikuwa ya mara moja: unalipa, unachomeka, unacheza. Ukipunjwa, umepunjwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeweza kurudi usiku kubadilisha ulichonunua.

Kompyuta ndizo zilizoleta desturi nyingine. Gemu ya Doom ya id Software ilipowekwa kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin tarehe 10 Desemba 1993, matoleo yaliyorekebishwa yalifuata baadaye, na aliyetaka kiraka, yaani faili la marekebisho, alikitafuta mwenyewe, ama kwa modemu ya simu ama kwenye CD zilizouzwa pamoja na magazeti ya kompyuta. Usumbufu ulikuwa wake, lakini uamuzi pia ulikuwa wake. Aliyeridhika na toleo la zamani alibaki nalo, na hakuna aliyemsumbua.

Uamuzi huo ulianza kumtoka mkononi tarehe 12 Septemba 2003, kampuni ya Valve ilipozindua Steam, programu ya kusambaza gemu na masasisho yake. Sababu yao ilikuwa na mashiko: kila kiraka cha gemu yao ya Counter-Strike kiliwatawanya wachezaji, wengine wakiwa na toleo jipya na wengine la zamani, wakashindwa kukutana uwanjani. Steam ikawa inasasisha yenyewe. Novemba 2004 Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuingia kwanza kwenye intaneti. Watu walifoka, kisha wakazoea.

Kiufundi, walichozoea si kitu cha kubeza. Mtengenezaji hulinganisha faili za zamani na mpya, akatuma tofauti peke yake ikiwezekana. (Kama data zimefungashwa kwenye faili kubwa kubwa, badiliko dogo linaweza kukulazimisha kupakua gigabaiti kadhaa, si lazima iwe hila.) Data hukatwa vipande, na kila kipande huwa na alama yake ya kihesabu. Kifaa chako huikokotoa upya, na ikipishana hata kidogo kipande hutupwa. Juu ya hayo huwekwa saini ya kidijitali inayothibitisha mtumaji ni nani. Kuingilia safari hiyo katikati ni kazi ngumu mno.

Tatizo ni kwamba saini humtambulisha mtumaji tu. Haisemi kama ana nia njema, wala kama ni mwangalifu. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho la PlayStation 3 lililoondoa uwezo wa kuendesha mfumo wa Linux, uwezo ambao mashine iliuzwa nao. Aliyekataa sasisho alikosa huduma za mtandaoni. Sasisho lilikuwa halisi, lenye saini halali, na lilimpunguzia mnunuzi mali aliyoilipia. Kesi iliyofunguliwa Marekani iliishia kwenye fidia.

Septemba 2016 likaja kosa la kampuni ya Capcom. Ili kuwazuia walaghai wa gemu ya Street Fighter V, kampuni iliingiza kwenye kompyuta za wachezaji programu iliyokaa kwenye kiini cha mfumo, ikawa imeacha mwanya: programu yoyote nyingine ingeweza kuutumia kujipatia mamlaka ya juu kabisa. Wachezaji wenyewe ndio waliopiga kelele, na Capcom ikaliondoa sasisho upesi. Hakukuwa na adui aliyedukua chochote. Mlinzi alifungua geti kwa uzembe.

Adui naye aliipata njia hiyo. Siku ya Krismasi 2023, wadukuzi waliteka akaunti za watengenezaji wa Downfall, nyongeza ya gemu ya Slay the Spire, wakasukuma kupitia Steam sasisho lenye programu ya kuiba manenosiri. Waliokuwa waangalifu kwa kupakua kutoka chanzo rasmi peke yake ndio hao hao walioipokea.

Haki yake sasisho lipewe: ndilo lililoiokoa gemu ya No Man's Sky baada ya aibu ya 2016, ilipotoka bila mengi yaliyoahidiwa, na Cyberpunk 2077, ambayo kwa kasoro zake iliondolewa kwenye duka la PlayStation Desemba 2020. Lakini uokoaji huo umewafundisha wakubwa kuuza gemu mbichi. eFootball 2022 ya Konami ilitoka 30 Septemba 2021 ikiwa na sura za wanasoka za kuchekesha, kampuni ikaomba radhi na kuahidi marekebisho. Anayecheza kwa bando ndiye anayeilipia radhi hiyo.

Hata hivyo, wachezaji nao wamejifunza kukataa. Mwaka 2024 Sony ilitangaza kuwa wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation, huduma isiyopatikana rasmi Kenya wala Tanzania. Wachezaji waliishambulia gemu kwa maoni mabaya kwa maelfu, na mwanzoni mwa Mei Sony ikafuta mpango huo.

Wewe unayesasisha leo, soma maelezo ya sasisho kabla ya kulikubali, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako, na usiguse APK (faili la programu ya Android) inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp au Telegram, hata kama aliyekutumia ni rafiki yako.