Kujifanya, Kudai, Kujisingizia: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza Mbele ya Mkalimani

Mintarafu ya tafsiri ya matini za kisheria, wahakiki wetu wamezoea kuzitazama istilahi nzito na kuyapita maneno mepesi. Makala haya yanajishughulisha na neno mojawapo jepesi: kitenzi cha Kiingereza "pretend", ambacho aghalabu hufasiriwa kwa "kujifanya" na mjadala ukaishia hapo. Kitenzi hicho kimo katika kifungu cha 2 cha Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, na ndicho kinachomtia hatiani mtu anayehusishwa na nguvu za kichawi zenye kuwatia wenzake hofu, udhia au madhara. Tumchukue mkazi wa Masimba, katika Nyaribari Masaba, aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa hilo. Mashtaka yameandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani anayatoa kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Mshtakiwa anaambiwa nini hasa: kwamba alijifanya mchawi, au kwamba alidai kuwa mchawi? Anayejifanya si mchawi. Anayedai huenda akawa.

Asili ya kitenzi ni Kilatini, praetendere, yaani kutandaza kitu mbele ya kingine mfano wa pazia. Kilipitia Kifaransa kikaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, kikiwa na maana ya kudai au kujitangazia jambo, bila ya uongo kuwa sharti. Kifaransa cha leo hakijaiacha maana hiyo. James Stuart (1688–1766), aliyedai kiti cha enzi cha Uingereza, aliitwa Pretender. Wafuasi wake waliliona dai hilo kuwa la haki. Mahasimu wake walisikia ulaghai katika jina lilo hilo.

Ni katika enzi hiyo, mwaka 1735, ambapo Bunge la Uingereza lilifuta sheria ya 1604 iliyouhesabu uchawi kuwa jambo la kweli na kuuadhibu hata kwa kifo. Tangu hapo mahakama haikumjua mchawi. Ilimjua laghai tu. Uamuzi mzima wa kifalsafa, kwamba uchawi haupo, ulitwikwa kitenzi kimoja ambacho chenyewe kilikuwa bado kikiyumba baina ya maana mbili. Uingereza iliitupa sheria hiyo mwaka 1951, lakini kitenzi chake kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari.

Kilikovukia hakikukuta mtu wa kukivaa. Omorogi wa Abagusii, ambaye jina lake lina mzizi mmoja na kitenzi chetu "kuroga", hajitangazi. Hutenda usiku, kwa siri, na mchana hujionyesha kuwa jirani mwema. Ikiwa kuna pazia analolitandaza, basi ni la kuonekana si mchawi. Kifungu cha 2, kwa hiyo, humnasa mganga anayejigamba kuliko yule anayeogopwa.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo wakalimani, kwa maoni yetu, hawajalitumia ipasavyo. "Kumsingizia" mtu ni kumtwika kosa asilolitenda. "Kujisingizia", kama mtu anapojisingizia ugonjwa, ni kujitwika hali asiyokuwa nayo. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachobadilika. Kiingereza kinahitaji vitenzi viwili visivyo na udugu. Anayetaka kuuona udugu huo jukwaani na asome tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible (1953), kuhusu Salem ya mwaka 1692: wasichana wanajisingizia kurogwa, na kwa njia hiyo wanawasingizia wengine. Kisha John Proctor anatakiwa ajisingizie uchawi ili aponye roho yake. Katika Salem ya kihistoria watu 19 walinyongwa, waliokiri hawakunyongwa.

Kifungu cha 6 cha sheria yetu humwadhibu anayemtuhumu mwenzake uchawi, ila kama tuhuma hiyo imepelekwa kwa chifu, polisi au mamlaka nyingine inayostahili. Kitenzi cha Kiingereza hapo ni cha kutuhumu, wala hakisemi kwamba tuhuma ni ya uongo. Tukikifasiri kwa "kusingizia" tutakuwa tumeisahihisha sheria, si kuitafsiri. Lakini ni sheria hiyohiyo inayosema katika kifungu cha 2, kwa maana ya leo ya kitenzi chake, kwamba uchawi ni kujifanya tu. Ikiwa ni hivyo, kila tuhuma ya uchawi ni usingiziaji, na haieleweki chifu anapokea nini.

Suala hili si la kamusi peke yake. Mwezi Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto hadi kufa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake 4 wazee waliuawa Marani kwa tuhuma zizo hizo. Hakuna aliyewaua kwa kuamini kwamba walijifanya. Kwa kifungu cha 2 tungependekeza "kudai", kwa kuwa ndicho kitenzi kinachomwachia hakimu kazi ya kuamua. "Kusingiziwa" tungewawekea waliochomwa.