Karani wa Bibi

Watu husimulia historia ya simu za mkononi kama ngazi: kizazi cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Sawa. Lakini mimi ni mtu wa Gando, Pemba, na kwetu ngazi hiyo haikupandwa hivyo.

Kizazi cha kwanza tulikisikia tu. Kilianza Tokyo 1979, kikafika Dar es Salaam 1994 kwa Mobitel. Sauti ilirushwa hewani kama redio, na mwenye chombo cha kunasia mawimbi aliweza kukusikiliza. Mambo ya wakubwa hayo! Mtu wa Gando aliyetaka kusema na nduguye Muscat alikwenda Wete mjini kutafuta simu ya waya.

Kilichotufikia sisi ni cha pili, GSM, kilichoanza Finland 1991. Zantel ilianzishwa Zanzibar 1999, na miaka iliyofuata simu zikaingia mifukoni mwetu. Hapa sauti hugeuzwa tarakimu, tena hufichwa isinaswe ovyo. Na jambo jengine: ujumbe wa maandishi, herufi 160 basi. Kwa nini 160? Kwa sababu ulipenyezwa kwenye njia ya pembeni, ile ambayo simu na mnara husemezana, na nafasi yake ni baiti 140 tu.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Bibi yangu kasoma chuoni, herufi za Kiarabu anazisoma kama maji. Hizi za Kizungu hazijui. Mwanawe yuko Muscat, na kupiga simu ng'ambo ni ghali. Basi ujumbe ukiingia: "Njoo unisomee!" Nikawa karani. Nikajua nani ana deni, nani kaposa, karafuu zimeuzwaje. Bibi akisema robo saa, mimi nibane iwe herufi 160. Siku moja nikakata salamu. "Salamu usikate!" Nikakata habari, salamu zikabaki. Sijapata mhariri mkali kama yule.

Betri nayo ilikuwa na yake. Umeme wa majenereta ya dizeli ukikatika, Muscat ingoje. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulitufikia 2010.

Kizazi cha tatu kilianza Japani 2001, cha nne Stockholm na Oslo 2009. Ndivyo vilivyoifanya simu mlango wa intaneti, na mimi vikanifukuza kazi. Mjomba alileta simu ya kioo. Bibi akajua kubonyeza kipaza sauti na kuachia. Siku hizi nasikia anacheka peke yake barazani, siri zake hazinipitii tena.

Cha tano kilizinduliwa Tanzania 2022. Lakini cha pili hakijafa, jamani. Pesa za simu bado tunabonyeza nyota na reli, na maombi hayo hupita kwenye njia ile ile ya pembeni. Kwa hiyo pesa ikiingia, bado naitwa. Namsomea: kiasi, tarehe, salio.

"Salamu hazimo?" bibi huuliza.

Hazimo.