Miaka Mingapi Ndiyo Milele?

Mwaka jana nilikaa wiki mbili Kapalamsenga, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Wanaoijua Kapalamsenga wanaijua kwa shaba. Mimi nilienda kusalimia, si kuandika, ila jioni moja mzee mwenyeji wangu alinitia kazi ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Tulikuwa nje, redio inazungumzia hewa ukaa. Huku si habari ngeni. Vijiji vinane vya wilaya hii vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimelipwa mabilioni ya shilingi kupitia mradi wa Carbon Tanzania, na fedha hizo zimekwenda kwenye zahanati, madarasa na mambo mengine ya kijiji. Mzee akapunguza sauti ya redio.

"Hivi mwanangu, huo mkataba wa kutunza msitu ni wa miaka mingapi?"

Nikamjibu kwamba ni miaka mingi, inahesabiwa kwa makumi.

"Sawa. Na yule aliyeichafua hewa huko kwao, yeye kasaini miaka mingapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma historia ya majadiliano ya tabianchi nikiwa na swali hilo tu mkononi. Ndugu msomaji, nimegundua kwamba wakubwa wa dunia wamebishana juu ya nusu ya kwanza ya swali la mzee kwa zaidi ya miaka 20. Nusu ya pili wameikwepa.

Watu wa ukanda huu wana haki ya kulitilia shaka neno "kudumu". Ukishuka ziwani utafika Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold II walianzisha kituo pale, wakajenga ngome karibu na maji. Lakini miaka hiyohiyo, ng'ambo ya ziwa, kizibo cha tope na majani kilichokuwa kimeziba mto Lukuga kilikuwa kimezibuka. Ziwa Tanganyika likaanza kushuka. Ndani ya miaka kama 15 lilishuka takriban mita 10, na ngome ikaachwa nchi kavu. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, lakini maji hayakumngoja mtu. Kitu kinachoonekana cha milele kinaweza kuwa kimeshikiliwa na kizibo cha majani.

Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyowakaa wajumbe baada ya Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997. Je, nchi tajiri ziruhusiwe kulipia misitu ya nchi maskini badala ya kupunguza moshi wao? Huko Marrakesh, mwaka 2001, kanuni zikapitishwa: kupanda miti kutakubaliwa, tena kwa kiwango kidogo, lakini kuuzuia msitu uliopo usikatwe hakutahesabiwa. Yaani aliyefyeka akapanda upya angeweza kupata hati, ila aliyelinda miombo ya babu zake asipate kitu.

Mwaka 2003, Milan, likaja jambo ambalo waandishi wachache wanalikumbuka. Wajumbe waliamua kwamba hati zinazotokana na miti zitakuwa za muda. Zikiisha, mnunuzi lazima atafute nyingine za kuziba pengo. Sababu yao ilikuwa nzuri kisayansi. Mti unaungua, unaliwa na mchwa, unakatwa mkaa. Makaa ya mawe yakishachomwa, sehemu ya hewa yake inabaki angani kwa maelfu ya miaka. Huwezi kulipa deni la miaka elfu kwa dhamana ya miaka 30.

Matokeo yake? Hati za muda hazikupata wateja wengi. Soko la Umoja wa Ulaya lilizikataa kabisa, na miradi ya miti ikabaki chini ya asilimia 1 ya miradi yote iliyosajiliwa chini ya Kyoto.

Misitu ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2005 Papua New Guinea na Costa Rica zilileta hoja ya kulipia ukataji uliozuiwa, na Bali, mwaka 2007, hoja ikapokelewa kwa jina la REDD. Mwaka uliofuata Norwei iliahidi kuisaidia Tanzania, na miradi ya majaribio ikaanza, mmojawapo ukiwa Masito-Ugalla, misitu inayogusa Kigoma na Katavi. Ntakata ilikuja baadaye, nje ya mfumo wa Umoja wa Mataifa, kwenye soko la hiari. Huko suala la kudumu lilitatuliwa kwa kitu kinachofanana na bima: kila mradi huweka pembeni sehemu ya hati zake, ili msitu mmoja ukiungua, akiba ya wote ifidie.

Halafu Paris, mwaka 2015. Kifungu cha 4 cha mkataba kinataka katika nusu ya pili ya karne hii kuwe na mizani kati ya hewa inayotolewa na ile inayoondolewa. Neno "kuondoa" likapanda cheo. Mwaka 2018 jopo la wanasayansi, IPCC, likaonyesha kuwa njia zote walizozipima za kubaki kwenye nyuzi 1.5 zinahitaji kuondoa hewa ukaa, kati ya tani bilioni 100 na 1,000 katika karne hii.

Hapo ndipo mwamba ulipoingia ukumbini. Iceland, mtambo wa Orca ulianza kazi mwaka 2021 ukinyonya hewa ukaa kutoka angani na kuishindilia pamoja na maji kwenye miamba ya volkano, ambako inageuka jiwe. Kwetu Afrika Mashariki, kampuni ya Octavia Carbon ya Kenya inafuata njia hiyo Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Jiwe haliungui wala halikatwi mkaa. Bei yake ni mamia ya dola kwa tani, mara nyingi zaidi ya tani ya msitu.

Usidhani wote walilipokea kwa vigelegele. Mei 2023, waraka ulioandaliwa kwa chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia soko jipya la Paris ulisema teknolojia hizi hazijathibitika, na kampuni zikaja juu. Dubai, mwishoni mwa mwaka huo, nchi zilishindwa kukubaliana juu ya kanuni za uondoaji. Ni hadi Baku, Novemba 2024, ndipo viwango vilipopita, vikimtaka mwenye mradi afuatilie hewa aliyoihifadhi na kuwajibika ikirudi angani.

Nimesikia wenzangu wakisema mwamba ni njama ya kuwanyang'anya wanavijiji riziki. Naelewa hasira yao: neno moja likibadilika kwenye waraka wa Baku, zahanati ya Katavi inaweza kukosa dawa. Lakini mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Ntakata haiondoi deni la mtu. Inazuia hasara mpya, na hiyo ni kazi halali yenye thamani yake: maji, asali, sokwe, mvua. Kosa lilifanyika pale kazi hiyo ilipogeuzwa leseni ya mtu mwingine kuendelea kuchoma mafuta. Kuanzia hapo mwanakijiji ndiye akaulizwa: "Una hakika msitu wako utadumu?" Mchomaji hakuulizwa, ingawa uchafu wake ndio unaodumu kuliko vyote.

Kwa hiyo, kama uondoaji wa kudumu una nafasi kwenye mikutano hii, naona nafasi yake ni moja: kumrudishia mwenye deni muda wa deni lake. Uliyetoa hewa kutoka ardhini, irudishe ardhini, kwa gharama yako, usimwachie mjukuu wa mtu wa Mwese au Katuma. Msitu nao ulipwe kwa mkataba wake, bila kulazimishwa kuahidi umilele ambao hata ziwa halikuuweza.

Nilimpigia mzee simu nikamsimulia habari za mawe ya Iceland. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni jambo jema," akasema. "Sasa nani analipa?"

Nimerudi kusoma.