Sindano za Bugala, 1906–1907
Ugonjwa wa malale ulipokuwa ukiangamiza watu kandokando ya Ziwa Victoria, daktari Mjerumani Robert Koch, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, alipiga kambi kisiwani Bugala, katika visiwa vya Ssese, Uganda. Wagonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vya ugonjwa huo vilitoweka kwenye damu, kisha vikarudi. Koch akapandisha dozi kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Walikuja kutafuta tiba, wakageuzwa watu wa kujaribiwa. Miaka 40 baadaye, mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa Kinazi kwa majaribio juu ya binadamu iliweka sharti la kwanza: pasiwe na jaribio bila ridhaa ya hiari ya mhusika mwenyewe.