Kiatu Juu ya Meza



Kila aliyekuja Guangzhou kutafuta riziki anaijua Shisanhang. Ni pale kwenye soko la nguo za jumla, ambapo alfajiri wachukuzi wanakimbiza mikokoteni ya marobota na ukisimama njiani kujibu simu utapigwa kikumbo na mtu asiye na muda wa kukuomba radhi. Ndugu zetu wa Kariakoo na Eastleigh wamenunua mali hapo miaka nenda miaka rudi. Wachache tumewahi kuwasikia wakiuliza maana ya jina lenyewe. Shisanhang ni nyumba kumi na tatu za biashara. Tangu 1757 hadi 1842 Guangzhou, ambayo Wazungu waliiita Canton, ndiyo bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na meli zao, na wafanyabiashara hao walifungiwa katika kipande kidogo cha ardhi kando ya mto, karibu na hapo tunapogombania bei za suruali. Mzungu hakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za mji wala kuja na mkewe, na msimu wa biashara ukiisha alitakiwa afungashe aende zake Macau. Majengo yao yaliteketea kwa moto mwaka 1856. Leo katika Bustani ya Utamaduni pana makumbusho ya habari hizo, yaliyofunguliwa 2016, na mwenye nusu saa kabla ya kwenda kufunga mzigo asikose kupita.

Tunaandika haya kwa sababu ya vijana wetu. Siku hizi kijana anayefika hapa haji lazima kwa biashara ya nguo na vipuri. Yupo anayetaka kuwa mpiga picha, mhariri wa video, mtangazaji, na swali lake kwetu sisi wakongwe ni moja: asome wapi? Sisi ni wahandisi. Habari ya chuo cha uandishi hatuna. Tunachoweza kumpa ni historia ya mji huu anaoishi. Hapa kazi ya kuchapa na kusambaza habari ilifundishwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 1807 alifika hapa mmisionari wa Kiingereza, Robert Morrison, akitaka kujifunza Kichina. Dola ya Qing ilikataza raia kumfundisha mgeni lugha. Inasimuliwa kwamba mmoja wa walimu wake alitembea na sumu, ili akikamatwa afe mwenyewe kabla ya kuteswa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, 1833, alikuja Mmarekani kijana wa miaka 21, Samuel Wells Williams, kusimamia mtambo wa chapa wa wamisionari wenzake. Kazi hiyo aliipata nyumbani, maana baba yake alikuwa mchapaji katika mji wa Utica, na kabla ya safari alikaa miezi kadhaa katika karakana hiyo akijifunza. Hapa Guangzhou alipata mwalimu msomi wa Kichina. Mwalimu huyo kila alipokuja kufundisha alichukua kiatu cha kike cha Kizungu na kukiweka juu ya meza, kando ya vitabu. Mtu wa kuogopwa akiingia ghafla, mwalimu angejifanya ni fundi wa viatu vya Kizungu aliyekuja kuchukua kazi. Aliendelea hivyo kwa miezi, hata alipoona hofu yake haina msingi akakiacha kiatu nyumbani.

Mara nyingi tumekifikiria kiatu hicho. Somo halikuwa na cheti, wala darasa, wala jengo. Lilikuwa na watu wawili, meza, na udanganyifu mdogo wa kujikinga.

Lakini aliyetuvuta hasa ni Liang Fa, ambaye katika vitabu vya Wazungu huitwa Liang Afa. Alizaliwa 1789 huko Gaoming, mkoa huu huu wa Guangdong, katika nyumba ya kimaskini. Alisoma miaka michache, akaja mjini akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano. Kwanza alitengeneza brashi za kuandikia, kisha akawa mwanagenzi wa fundi wa kuchonga vibao vya chapa.

Hapa mtusamehe, uhandisi unatuwasha. Chapa ya Kichina ya zamani haikuwa na mtambo. Mwandishi mwenye hati nzuri aliandika ukurasa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao laini, mara nyingi wa mti wa peasi. Ikasuguliwa hadi herufi zikabaki kwenye ubao zikiwa zimegeuka, kama unavyoziona kwenye kioo. Hapo fundi akaondoa kila kisicho herufi. Kisu kikiteleza kidogo tu, neno limekufa, na itabidi kutoboa na kupachika kipande kipya. Kisha wino kwa brashi, karatasi juu, na brashi kavu ya kupitisha mgongoni. Ukisoma maelezo haya mara kumi bado hutaweza kuchonga herufi moja. Pembe ya kisu na uzito wa mkono lazima uvione kwa mtu, naye avione kwako na akukemee.

Sisi wenyewe tulitoka chuo kikuu cha ng'ambo katika miaka ya 1990 na shahada iliyopigwa muhuri mwekundu, tukaajiriwa katika kiwanda kimoja cha vifungashio. Wiki ya tatu mashine ikaanza kuchapa rangi upande. Tukapiga hesabu, tukachora, tukaagiza vipuri visivyohitajika, na hasara ikaandikwa kwa jina letu. Fundi mmoja mzee ambaye hakumaliza darasa la saba alichukua bisibisi, akaweka ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, akasikiliza kama mkunga. "Hii hapa, mwanangu," akasema. Mwaka mzima baada ya hapo tulikaa ubavuni pake, na hadi leo mkate tunaokula ni wa mwaka huo.

Turudi kwa Liang. Alishiriki kuchonga vibao vya vitabu vya Morrison, kazi iliyokuwa hatari, kwani kuchapa maandiko ya Kikristo kwa Kichina lilikuwa kosa la kupoteza roho. Kwa sababu hiyo Mskochi aliyekuwa msaidizi wa Morrison, William Milne, aliamua kuhamishia chapa Malacca, na Aprili 1815 Liang akapanda meli pamoja naye. Agosti mwaka huo walitoa toleo la kwanza la gazeti la kila mwezi ambalo wanahistoria wengi hulihesabu kuwa jarida la kwanza la Kichina la aina ya kisasa. Milne aliandika, Liang akachonga na kuchapa. Jarida hilo lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820. Ndani yake mlikuwa na dini kwanza, ndiyo, lakini pia maelezo ya nyota, ya kupatwa kwa jua na ya nchi za mbali.

Mchongaji hawezi kuchonga asichokisoma. Mwezi baada ya mwezi Liang alipitisha kisu katika kila sentensi ya bwana yule, na mwaka 1816 akabatizwa naye. Alikwenda fundi wa mbao, akarudi mwandishi. Mwaka 1819, akiwa likizoni kwao, aliandika kijitabu chake mwenyewe na kuchapa nakala 200. Askari wakamkamata, wakachoma nakala na vibao, akachapwa fimbo thelathini za mwanzi. Hakuacha. Milne akafa 1822. Liang akaendelea kwa mkono wake, na mwaka 1832 akatoa hapa Guangzhou kitabu chake kikubwa, akakigawa hata kwa vijana waliokuja mjini kufanya mitihani ya serikali.

Mmoja wa vijana hao, Hong Xiuquan, alifeli mitihani, akaugua, akaota ndoto, na miaka baadaye akakisoma kitabu kile bila mwalimu yeyote kando yake. Akajiona ni mdogo wake Yesu. Mwaka 1847 alikuja Guangzhou kusoma kwa mmisionari wa Kimarekani, Issachar Roberts, lakini baada ya miezi michache tu akaondoka bila kubatizwa. Vita vya Taiping alivyoviongoza vilianza baada ya hapo na kwisha 1864, na waliokufa huhesabiwa kwa mamilioni mengi. Hatusemi kitabu ndicho kilichoua. Sababu zilikuwa nyingi, njaa na dhuluma zikiwemo. Tunasema tu kwamba maneno ya Liang yalikwenda mahali ambapo Liang hakuwepo kuyafafanua, na hiyo ndiyo kazi ya chapa, kwa heri na kwa shari.

Mwanawe, Liang Jinde, alikabidhiwa tangu utotoni kwa Mmarekani Elijah Bridgman, mhariri wa jarida la Kiingereza lililochapwa hapa hapa kuanzia 1832, ajifunze Kiingereza. Mwaka 1839 Kamishna Lin Zexu alipofika kuzima biashara ya kasumba, alitaka kujua Wazungu wanasema nini. Akaunda kikosi kidogo cha wafasiri wa kusoma magazeti yao ya Canton na Macau na kumfasiria. Liang Jinde alikuwa mmoja wao. Baba alichapwa fimbo na serikali kwa kuchapa. Mwana akaajiriwa na serikali ile ile kwa ujuzi uliopatikana kwa njia ile ile.

Uanagenzi una ubaya wake, na wenye kuusifu sana huenda hawakuwahi kutumwa maji ya chai miezi sita. Pia bwana hafundishi kisu peke yake, hufundisha na la kusema. Zanzibar tunalijua hilo. Wamisionari wa UMCA walifika Unguja 1864, wakaweka chapa yao, na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Askofu Edward Steere alikaa na Waswahili wakamfundisha lugha na kumsimulia hadithi, akazitoa kitabu 1870. Yeye alipewa ulimi, wao wakapewa risasi za chapa, na jina kwenye jalada likawa lake. Hata hivyo mwaka 1888 pale Kiungani likatoka jarida la Kiswahili, Msimulizi, na ndani yake sauti za Waafrika wenyewe zikaanza kusikika.

Zamu yetu ya kukaa upande wa mwalimu ilikuja huku huku China. Tarehe 1 Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Wachina waliokijua wakati huo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Watangazaji vijana walijifunza kazini, wakikaa na wenzetu walioletwa kutoka Afrika Mashariki, waliowasahihisha matamshi na ngeli. Chen Lianying alikuwa miongoni mwa Wachina wa kwanza kutangaza kwa lugha yetu, na wazee wengi wa pwani walimjua kwa sauti kabla ya kuuona uso wake. Mwaka 2011 TBC iliporusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikizungumza Kiswahili, lilikuwa tunda la meza hizo. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya shindano la kutafuta sauti Dar es Salaam, na washindi wakapelekwa Beijing kuingiza sauti katika filamu. Safari hii sisi tukaenda kama wanagenzi na walimu kwa pamoja, maana fundi wa studio alijua mashine, lakini hakujua kama mama mkwe wa Kiswahili angesema hivyo.

Hapa Guangzhou mambo ni madogo zaidi. Wapo waliowahi kuwaona wapiga picha wa Kichina waliosimama kwenye daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei, wakiwapiga Waafrika picha za kutuma nyumbani kwa yuan chache. Simu za mkononi ziliwaharibia biashara, na tangu 2020 na sisi tumepungua. Lakini tunamjua kijana mmoja wa Tanga anayekwenda kila jioni kwenye chumba cha Mchina mmoja mhariri wa video za matangazo ya bidhaa. Mchina anamfundisha kukata picha, kusawazisha sauti, kujua lini taa inadanganya. Yeye anamsomea maelezo kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wa Dar na Mombasa. Hawana mkataba. Fedha haipiti kati yao.

Jumapili moja tulimpeleka kijana huyo Bustani ya Utamaduni tukamsimulia habari ya kiatu. Alicheka sana. Kisha akauliza kama mwalimu yule alilipwa. Tukamwambia walimu hao walikuwa na mshahara. "Aliitwa nani?" Tukajikuta hatuna jibu, kwa sababu Williams alipoeleza kisa hicho alikitaja kiatu, jina la mwalimu hakulitaja. Kijana akanyamaza hadi tulipofika kituo cha treni. Pale akatoa simu, akafungua video waliyoimaliza usiku uliopita, ya pampu za maji, akaisogeza hadi mwisho tuone. Palikuwa na jina la kampuni na namba ya kuagizia.

"Kesho nitamwambia tuongeze mstari mmoja," akasema, treni ikaja.