Nyota moja baharini: jinsi ujuzi wa wapiga kayaki ulivyopimwa vibaya

Muulize mtu anayependa kayaki ya baharini yuko kiwango gani, na mara nyingi atakujibu: "Wa kati." Yaani si mgeni, si bingwa. Jibu zuri, ila halisemi chochote kuhusu bahari. Wa kati kwenye ghuba iliyotulia asubuhi, au wa kati upepo ukivuma noti 16 na mkondo ukija kinyume chake? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na Uingereza ililipa gharama kubwa kabla ya kulitia hilo maanani.

Tuanze mbali kidogo. Huko Greenland, ambako Wainuiti walitumia kayaki kuwinda, hakukuwa na cheti. Mwindaji alipimwa kwa kazi: amerudi na sili, au hakurudi. Mojawapo ya mbinu alizohitaji ni kujiinua chombo kikipinduka, kwa kafi tu, bila kutoka ndani. Mwaustria Edi Hans Pawlata alijifunza mbinu hiyo mwaka 1927, na Mwingereza Gino Watkins akafundishwa na wenyeji wa mashariki ya Greenland kwenye msafara wa 1930–31. Kwa Wazungu, kujiinua kukawa kama alama ya ufundi: ukiweza, basi wewe ni mtaalamu. Lakini Watkins huyohuyo alikufa Agosti 1932 akiwinda peke yake. Kayaki yake ilikutwa ikielea, yeye hakuonekana tena. Mbinu moja, hata iwe ngumu vipi, haitoshi kuwa kipimo.

Mchezo ulipoenea, chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1936, British Canoe Union, kilikuja kuwa na mfumo wa nyota, kuanzia moja hadi tano. Watu waliupenda, na ni rahisi kuona kwa nini: nani hapendi kukusanya nyota? Ila hebu tuangalie nyota moja ilipima nini hasa. Ilipima wewe mwenyewe, kwenye maji matulivu, mambo ya mwanzo kabisa. Haikusema kwamba unaweza kuongoza watu wengine. Walimu walikuwa na vyeti vyao tofauti.

Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanane kutoka Plymouth, mwalimu wao mmoja na wakufunzi wawili waliondoka Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, kwenda Charmouth, safari ya maili chache tu. Wakufunzi hao walikuwa na nyota moja. Kayaki hazikuwa na kitambaa cha kufunika tundu la kukalia, kwa hiyo kila wimbi lililopita juu liliingia ndani. Hakukuwa na fataki za kuomba msaada. Mwalimu alianza kupinduka mara kwa mara, mkufunzi mmoja akabaki kumsaidia, na yule mwingine akawakusanya wanafunzi pamoja. Wakati huo upepo ulikuwa unawasukuma nje.

Hapa kuna fizikia kidogo. Upepo unaotoka nchi kavu (pwani yetu tuna jina lake, umande) unadanganya sana. Wimbi linahitaji umbali ili likue, kwa hiyo karibu na ufuo maji yanaonekana shwari hata upepo ukiwa mkali. Kadiri unavyosukumwa mbali, mawimbi yanakua, na kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Mtu aliyezoea maji matulivu hana namna ya kujua hilo akiwa amesimama mchangani. Na maji ya huko mwezi Machi yana baridi, chini ya nyuzi 10, kwa hiyo mwili unapoa na mikono inaishiwa nguvu.

Walipookolewa, saa nyingi baadaye, wanafunzi wanne walikuwa wamepoteza maisha.

Kesi ilionyesha kwamba mwaka uliotangulia wakufunzi wawili waliowahi kufanya kazi kwenye kituo hicho walikuwa wameandika barua kuonya juu ya usalama. Desemba 1994 kampuni iliyomiliki kituo, OLL, ilipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, mara ya kwanza kwa kampuni nchini humo, na ikatozwa faini ya pauni 60,000. Mkurugenzi wake alifungwa miaka 3, ikapunguzwa kuwa 2 kwenye rufaa. Mwaka 1995 bunge likapitisha sheria ya kuwapa leseni wanaowapeleka vijana kwenye michezo ya hatari.

Kwa maoni yangu, kosa la msingi lilikuwa la kusoma kipimo vibaya. Nyota ilikuwa sahihi kwa kile ilichopima, lakini mtu aliitumia kujibu swali jingine.

Halafu kuna tatizo la kujipima mwenyewe. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi. Walioshika mkia walikuwa kwa wastani kwenye asilimia ya 12, lakini wao walijiweka kwenye ya 62. Wataalamu wa takwimu bado wanabishana ni kiasi gani cha pengo hilo kinatokana na hesabu yenyewe, na hakuna aliyekuwa kwenye kayaki. Hata hivyo ukisikia "wa kati" ufukweni, sio vibaya kuuliza swali la pili: umewahi kupiga kafi kwenye upepo gani?

Ndiyo maana viwango vya leo vinaanza na maji kabla ya mtu. Chama cha Marekani, American Canoe Association, kinaeleza ngazi zake kwa kasi ya upepo, urefu wa mawimbi, nguvu ya mkondo na umbali kutoka ufuoni. Waingereza nao waligeuza nyota ya nne kuwa cheti cha kiongozi, ikapimwa kwenye upepo usiozidi nguvu 4 za kipimo cha Beaufort, yaani noti 11 hadi 16, na baadaye wakaachana na nyota zote. Sasa kuna cheti cha kupiga kafi mwenyewe, na kuna cheti kingine, chenye mtihani wake, cha kuongoza wengine baharini.